MOHAMED AMIN, MPIGA PICHA ALIYESOGEA KARIBU

Katika kurasa hizi wenzangu hupenda kutusimulia maisha ya watu waliovuma: mashujaa wa uhuru, wanariadha wa nyanda zetu za juu, washairi wa pwani. Mwaka huu nami nimeomba nafasi nimwandike mtu ambaye hakushika bunduki, hakukimbia mbio wala hakutunga shairi. Alishika kamera. Jina lake ni Mohamed Amin, na waliomjua walimwita Mo.

Kabla sijamfikia, niruhusu nianzie nyumbani kwetu, maana huko ndiko haja yangu ya kumjua ilikoanzia.

Kwetu ni upande wa Konoin, kaunti ya Bomet, mahali ambapo ukisimama barabarani unaona chai mpaka macho yachoke. Nyanya yangu, ambaye tulimwita Kogo kama tunavyowaita nyanya zetu sisi Wakipsigis, alichuma chai tangu mama yangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Asubuhi moja mwaka jana nilipata simu ya baba mdogo mkononi, nikaamua kumpiga Kogo picha akiwa kazini. Umande ulikuwa mwingi. Wewe unayetoka huku unaujua umande wa chai: ukiingia kati ya mistari, suruali inalowa mpaka mapajani. Nami siku hiyo nilikuwa nimevaa suruali ya kwendea kanisani. Kogo aliniita niteremke alipo, hata akanionyesha kwa mkono pa kupitia. Nikamjibu kwamba hapo nilipo panatosha. Nikasimama barabarani, nikabonyeza mara moja, nikaenda zangu.

Miezi mitatu baadaye Kogo alifariki.

Tulipotaka kuchapisha kijitabu cha mazishi, picha ya pekee aliyokuwa nayo ya siku za karibuni ilikuwa ile yangu. Loo! Kogo alikuwa ndani yake kama punje ya wimbi iliyoangukia mkeka wa kijani. Anga lilikuwa limechukua zaidi ya nusu ya picha. Nguzo ya stima ilikuwa imesimama nyuma yake sawasawa, kana kwamba imemea utosini. Aliyetuchapishia alijaribu kuikuza, lakini kila alipoikuza uso uligeuka kuwa vijisanduku vya rangi. Mwishowe ikatumika ile ya kitambulisho, ambayo Kogo ameikazia macho kamera kama mtu anayesomewa mashtaka. Hakuna aliyenilaumu nyumbani, na kusema kweli hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Shule ilipofunguliwa nilimweleza mwalimu wetu mlezi habari hiyo. Hakunihubiria. Aliniambia tu nimtafute Mohamed Amin maktabani, nisome maisha yake, kisha nirudi tuzungumze. Basi haya ndiyo niliyoyapata.

Mohamed Amin alizaliwa tarehe 29 Agosti 1943 mtaani Eastleigh, Nairobi, katika familia ya Kiislamu yenye asili ya Punjab. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Mo angali mtoto, familia ilihamia Tanganyika, naye akakulia Dar es Salaam. Huko ndiko alikopata kamera yake ya kwanza, ya mtumba, aina ya Box Brownie. Kwa wasioijua, kamera hiyo ni kijisanduku chenye tundu la lenzi mbele na kitufe ubavuni. Haina namna ya kukivuta kitu cha mbali kikawa karibu. Filamu yake nayo kwa kawaida ilitoa picha nane tu, basi, imekwisha, na kununua nyingine ni pesa.

Hapo nilitua kitabu nikafikiri. Sisi leo tunaweza kupiga picha mia kabla ya chai ya saa nne, na zote zikawa ovyo. Mtoto yule alikuwa na nane. Ilimbidi aamue kabla ya kubonyeza: nani awe ndani ya picha, nani abaki nje, na mimi nisimame wapi? Akitaka mtu aonekane mkubwa, hakuwa na la kufanya ila kumwendea kwa miguu yake. Nadhani hilo ndilo somo la kwanza la kupanga picha, na ndilo lililonishinda mimi kwa sababu ya suruali. Kamera huanzia miguuni.

Shuleni Dar es Salaam alijiunga na chama cha wapiga picha, akajifunza kusafisha filamu na kuchapa picha mwenyewe katika chumba cha giza. Kumbe vyama vya shule si vya kupotezea saa za jioni! Angali mwanafunzi alianza kuyauzia magazeti picha, zikiwemo za mashindano ya magari ya Safari. Samaki mkunje angali mbichi, na huyu alijikunja mwenyewe. Mwaka 1963, akiwa kijana wa takriban miaka 20, alianzisha kampuni yake ya picha palepale Dar es Salaam na kuiita Camerapix.

Haukupita muda, tarehe 12 Januari 1964, mapinduzi yakatokea Zanzibar. Mo alivuka bahari kwenda kuyapiga picha. Tangu hapo hakuwa tena kijana wa kupiga picha za magari yanayorusha matope. Alianza kutumia kamera ya filamu pamoja na ile ya picha za kawaida, na kazi yake ikaanza kuonekana katika televisheni za nchi za mbali. Lakini asiyetaka kuonwa humchukia mwenye macho. Mwaka 1966 alikamatwa Zanzibar, akafungwa gerezani kwa siku 28, kisha akaondoshwa Tanzania. Akarudi Nairobi alikozaliwa, na Camerapix ikahamia huko.

Sasa nifike siku ambayo kila Mkenya mwenye umri wa babu zetu anaikumbuka. Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, waziri Tom Mboya alipigwa risasi katikati ya jiji la Nairobi, akitoka katika duka la dawa. Mo alipopata habari alikimbilia huko. Hakusimama ng'ambo ya barabara kupiga picha ya umati. Alisogea mpaka akaingia ndani ya ambulensi iliyombeba Mboya, akapiga picha na filamu wakati watu wakihangaika kumwokoa. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya mpiga filamu bora wa mwaka wa televisheni ya Uingereza.

Fikiria, msomaji. Angebaki ng'ambo ya barabara, tungekuwa na picha ya migongo ya watu na paa la gari. Ingekuwa kweli, ndiyo, watu walijaa. Lakini habari ya siku ile haikuwa umati. Habari ilikuwa mtu mmoja aliyelala, na wale walioinama juu yake. Hili ndilo somo la pili nililolipata kwa Mo: jiulize kwanza picha hii ni ya nani au ya nini, kisha ondoa kila kisichohusika. Wengi wetu tunafikiri kupiga picha ni kuingiza vitu. Kumbe ni kuviondoa pia! Kabla hujabonyeza, zungusha macho katika pembe zote nne za fremu. Je, kuna nguzo iliyomea kichwani pa mtu? Kuna mkono wa jirani uliokatwa? Kuna ndoo, kuna kuku, kuna mguu wa kiti? Hatua moja kushoto au kulia mara nyingi inatosha kuviondoa. Ile nguzo ya Kogo ingenigharimu hatua mbili tu.

Msidhani lakini kwamba Mo alijua kukaribia tu. Mwaka 1974 alikwenda Makka wakati wa Hija, na picha za safari zake huko zikatoka katika kitabu mwaka 1978. Yeye alikuwa Mwislamu, kwa hiyo aliingia mahali ambapo wapiga picha wengi wa kigeni hawaingii. Katika picha za Hija zilizopigwa kutoka juu, unaona Kaaba imetulia na maelfu ya mahujaji wakiizunguka kwa duara. Huko habari si mtu mmoja, ni wengi waliokuwa kitu kimoja, kwa hiyo mpiga picha anapanda juu na kurudi nyuma. Duara lenyewe linalichukua jicho lako na kulipeleka katikati bila wewe kuambiwa utazame wapi.

Mwalimu wetu aliponieleza jambo hili alinipeleka dirishani. Kutoka darasa letu unaona mashamba ya chai yameteremka mpaka mtoni, na zile njia za wachumaji kati ya mistari ya miche. Aliniuliza jicho langu linakwenda wapi. Likafuata njia, likateremka, likafika kwenye kibanda cha mlinzi kule chini. Mistari ni kama kidole kinachoonyesha. Ukimsimamisha mtu mahali mistari inapokutana, kila atakayeitazama picha atamfikia. Ukimsimamisha pembeni, mistari itamwonyesha mtazamaji kitu kingine, na mtu wako ataachwa kama mgeni asiyekaribishwa.

Akaniongezea lingine, la kuigawa picha mara tatu. Chora akilini mistari miwili ya kulala na miwili ya kusimama, upate vyumba tisa, kama ule mchezo tunaochora nyuma ya madaftari mwalimu akigeuka. Usimweke mtu katikati kabisa kila mara. Mweke kwenye mstari mmojawapo wa kusimama, na umwachie nafasi upande anaotazama, ili aonekane anaenda mahali na si amegonga ukuta. Upeo wa macho, pale ardhi inapokutana na mbingu, uweke kwenye mstari wa juu au wa chini. Ukitaka kuonyesha chai, ipe theluthi mbili na mbingu moja. Ukitaka kuonyesha mawingu ya mvua yetu ya alasiri, fanya kinyume chake. Si sheria ya serikali hii, ukiivunja kwa sababu nzuri hakuna wa kukukamata. Ila ijue kwanza ndipo uivunje.

Turudi kwa Mo. Kazi iliyomfanya ajulikane dunia nzima aliifanya Oktoba 1984 kaskazini mwa Ethiopia. Njaa kubwa ilikuwa imewakumba watu wa Tigray na Wollo, lakini ulimwengu ulikuwa haujashtuka, na ruhusa ya kufika huko ilikuwa ngumu kupatikana. Mo alihangaika mpaka wakafika, yeye na mwandishi Michael Buerk wa BBC. Mahali palipoitwa Korem walikuta maelfu kwa maelfu ya watu wamejikunyata uwandani alfajiri, katika baridi kali, wakingojea chakula ambacho hakikutosha. Filamu yake ilionyeshwa Uingereza tarehe 23 Oktoba 1984, kisha ikasambazwa kwa vituo zaidi ya 400 vya televisheni duniani.

Nimeitazama filamu hiyo kwa simu ya baba mdogo, wakati huu kwa ruhusa. Kwanza kamera inaonyesha uwanda wote, watu kama vivuli katika mwanga hafifu wa asubuhi. Laiti angeishia hapo, ingekuwa mandhari, kama picha yangu ya Kogo. Lakini Mo anaenda. Anafika kwa mama na mtoto wake, anafika kwa mzee, uso unajaa fremu, na anakaa hapo. Haruki haraka kwenda kwingine. Huwezi tena kusema hawa ni maelfu. Unasema huyu ni mtoto wa mtu.

Yaliyofuata yameandikwa katika vitabu. Mwimbaji Bob Geldof alikusanya wanamuziki wa Uingereza na Ireland wakatoa wimbo wa kuchangia mwisho wa mwaka huohuo. Wamarekani wakatoa wao mwaka 1985, na tarehe 13 Julai 1985 likafanyika tamasha kubwa la Live Aid, London na Philadelphia kwa siku moja. Pesa na chakula vikaenda Ethiopia kwa wingi. Mamia ya maelfu ya watu walikufa katika njaa ile, lakini wengi waliokuwa wafe pia waliokolewa.

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu katika chama chetu tulibishana sana. Mwenzangu mmoja aliuliza swali gumu: ni haki kumkaribia mtu anayekufa na kumwelekezea kamera? Yule mama wa Korem aliulizwa kama anataka kuonekana dunia nzima? Mwingine akasema picha zile ziliwafanya watu wa ng'ambo wadhani kwamba Afrika yote ni njaa na nzi, na mpaka leo wapo wanaodhani hivyo. Tena, picha ilionyesha ukame na mateso, lakini haikuweza kuonyesha vita na siasa za serikali ya wakati ule zilizoifanya njaa iwe mbaya zaidi. Vita vilikuwa nje ya ukingo wa picha.

Nilikuja kuona kwamba hata hilo ni jambo la kupanga picha. Kila fremu ina ukingo, na kila kilichobaki nje ya ukingo mtazamaji hakijui. Kwa hiyo mpiga picha ana deni mara mbili: kwa yule aliye ndani, asimdhalilishe, na kwa kile kilicho nje, asikifanye kama hakipo. Nionavyo mimi, Mo alilijua deni hilo, kwa sababu hakuipiga picha Afrika ya njaa peke yake. Alitoa vitabu vingi vya picha: juu ya Ziwa Turkana na watu wake, juu ya vifaru waliokuwa wakimalizwa na majangili, juu ya reli yetu ya kutoka Mombasa, juu ya nchi yetu nzima. Mtu aliyeona Korem tu hajaiona hata robo ya kazi yake. Wengine katika chama hawakukubaliana nami, na mjadala ukakatizwa na kengele. Wewe msomaji, amua.

Mwaka 1991 serikali ya Mengistu ilianguka, na Mo alikuwa tena Addis Ababa. Mwanzoni mwa Juni ghala la silaha lililipuka jijini, naye alikuwa akipiga filamu karibu na hapo. Mwenzake John Mathai, fundi wake wa sauti, aliuawa. Mo alipoteza mkono wa kushoto. Hebu fikiri, mpiga picha aliyekatika mkono! Wengi wangesema sasa yatosha, nimefanya kazi yangu, nipumzike. Yeye alipata mkono wa bandia, akajifunza upya namna ya kuishika kamera, na haikuchukua muda mrefu akarudi kazini. Nilipofika ukurasa huo niliona haya kwa mara ya pili kwa ajili ya suruali yangu ya kanisani.

Mwisho wake ulikuja tarehe 23 Novemba 1996. Alipanda ndege ya shirika la Ethiopia kutoka Addis Ababa kurudi Nairobi, pamoja na Brian Tetley, mwandishi aliyefanya kazi naye kwa miaka mingi. Watu watatu waliiteka ndege hiyo wakitaka ipelekwe Australia, ingawa rubani aliwaeleza kwamba mafuta hayafiki. Mafuta yakaisha kweli juu ya Bahari Hindi, na ndege ikaanguka majini karibu na ufuo wa Ngazija, visiwani Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walifariki, Mo na Tetley wakiwa miongoni mwao. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Kuna jambo moja katika kifo hicho ambalo haliniishi akilini. Ufuoni kulikuwa na mtalii mwenye kamera ndogo ya video, mtu wa kawaida tu aliyekuwa mapumzikoni. Aliiona ndege ikija chini chini, akaielekezea kamera, na filamu yake ikaonwa na ulimwengu mzima. Mtu aliyetumia maisha yake kushuhudia misiba ya wengine, wa kwake ulishuhudiwa na asiye na jina katika kazi hiyo. Mwanawe, Salim Amin, aliiendeleza Camerapix baada yake, na maelfu kwa maelfu ya picha za Mo zikahifadhiwa. Akiba haiozi.

Basi nikarudi kwa mwalimu mlezi, tukazungumza, kisha akaniuliza nitafanya nini. Sikuwa na jibu la maneno. Kogo hayupo tena, siwezi kuteremka kwake. Lakini mama yupo, na mama huchuma chai katika shamba letu dogo kila zamu ikifika, akaibeba kwa kikapu mpaka kituo cha kununulia ipimwe kwa mizani.

Jumamosi iliyofuata niliamka pamoja naye. Safari hii nilivaa suruali kuukuu. Saa moja na nusu jua lilikuwa limetoka ubavuni mwa kilima na ukungu haujaisha, na nuru ya namna hiyo ni laini, haiukunji uso wala haiweki vivuli vyeusi machoni kama ile ya adhuhuri. Niliingia kati ya mistari. Nililowa, ndiyo, mpaka mapajani, na sikufa. Nilichuchumaa nikawa sawa na kiuno chake, kwa sababu mtu ukimpiga kutoka juu unamfanya mdogo. Nguzo ya stima ilikuwapo palepale. Nikasogea hatua mbili kushoto, ikatoweka nyuma ya mti. Nikamweka mama theluthi ya kushoto, nikaiachia mikono yake nafasi upande wa kulia, na njia ya kati ya miche ikaja moja kwa moja mpaka kwake.

Mwanzoni alijikaza, akasimama kama yuko kwa ofisi ya vitambulisho. Sikubonyeza. Nilianza kumwuliza habari za Kogo, jinsi alivyomfundisha kuchuma majani mawili na chipukizi bila kuvunja kijiti. Akaanza kueleza, mikono ikarudi kazini yenyewe, akasahau kwamba nipo. Hapo nikabonyeza. Kisha nikasogea zaidi, nikapiga picha ya vidole vyake tu. Utomvu wa chai umevitia weusi usiotoka kwa sabuni. Katika mashamba makubwa ya Kericho mashine zimechukua kazi ya mikono mingi, na sijui sisi tutakapokuwa wazee ni wangapi watakaokuwa wanakumbuka vidole hivyo.

Nilipomwonyesha alitazama kwa muda mrefu. Akafuta umande kwenye kioo cha simu kwa ncha ya kitambaa chake, akatazama tena. Halafu akaniambia niichapishe hiyo, itundikwe sebuleni sasa, yeye akiwa hai wa kuiona.

Wanafunzi wenzangu, sisi ni wa shule ya kutwa. Kila jioni tunarudi kwa watu wetu, na hiyo ni bahati ambayo wenzetu wa bweni hawana. Jumamosi ijayo omba simu kwa adabu. Mwendee nyanya yako, babu yako, au yeyote anayekuita kwa jina ulilopewa utotoni. Angalia nuru, kagua pembe nne, iondoe nguzo, iache mistari ifanye kazi yake. Zaidi ya yote ukiitwa uteremke, teremka. Umande hukauka.

Kwa hayo natua kalamu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Chama cha Kiswahili